Jibu: Skuli ya binti yangu inataka wazazi tuchangie maabara, tuanzie wapi?

Ndugu yangu wa Chake Chake, salamu. Umesema skuli ya binafsi ya wasichana anayosoma binti yako inataka maabara ya sayansi, mwalimu mkuu kapendekeza kila mzazi atozwe shilingi 50,000 juu ya ada, na wewe umeingizwa kwenye kamati ya wazazi juzi tu. Mie nimeshika hazina ya kamati kama hiyo hapa Mjini, Unguja, kwa miaka, na mabinti zangu wamepita skuli hiyo hadi Kidato cha Nne. Nitakwambia niliyoyaona.

Hiyo 50,000 ikataeni, na mkatae kabla haijaingia kwenye barua. Kwetu Zanzibar elimu bila malipo ilitangazwa Septemba 23, 1964, na watu wamekulia humo. Anayempeleka mtoto skuli ya binafsi leo anaona keshafanya lake: kalipa ada, kashona sare na ushungi, kalipa na gari ya kumpeleka. Ukimwongezea tozo anahesabu kuwa ada imepandishwa kimyakimya. Wengine watalipa huku wamenuna, wengine hawatasema kitu, na hao wasiosema ndio watakaomhamisha mtoto Januari. Wakiondoka wanafunzi kumi kwa sababu ya maabara, mshahara wa mwalimu mmoja umeshaondoka nao.

Ombeni kitu, msiombe pesa. Barua inayosema "tunachangia maendeleo ya skuli" haina anayeisoma mara mbili. Sie tuliandika bei ya darubini moja, meza moja, sinki moja, mtungi mmoja wa gesi, tukabandika karatasi ubaoni karibu na lango. Mzazi anasimama, anasoma, anasema "hiyo sinki niandikieni mie na dada yangu". Tena mkumbushe kila mtu kwa nini: mtihani wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, wa Kidato cha Nne una vitendo katika fizikia, kemia na baiolojia, na mtoto aliyeona bikari kwenye picha tu anaingia chumba cha mtihani mikono inamtetemeka.

Halafu kuna suala la majina. Kuna kamati naijua, sitaitaja, iliyokuwa inatuma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi orodha ya waliotoa na wasiotoa, kwa majina. Asubuhi wasichana wanaijua yote. Mtoto ambaye mama yake anauza urojo jioni ili apate ada anaingia darasani kichwa chini, na wenzake wanamwangalia. Hilo mlipige marufuku siku ya kwanza. Tangazeni jumla iliyoingia na iliyotumika, kila mwezi, pamoja na risiti, majina yabaki kwenye daftari la mweka hazina. Akaunti iwe ya mradi peke yake, watia saini wawili au watatu, mmoja wao mzazi asiye na udugu na mwenye skuli. Pesa isipite kwenye simu ya mtu hata akiwa mcha Mungu vipi.

Sasa kilichotuingizia zaidi kuliko vyote: oda za Idi. Unajua mwenyewe, kumi la mwisho la Ramadhani kila nyumba inatafuta vileja, visheti, biskuti na keki, na kina mama wengi wa ofisini hawana muda wa kukanda. Tulikuwa tunapokea oda tangu kumi la pili, malipo nusu mkononi, tunaoka siku za mwisho katika nyumba chache zenye oveni kubwa. Wasichana wa madarasa ya juu wanapima, wanafunga, wanaandika daftari la oda. Pale nilimwona mwanangu akijifunza hesabu za faida na hasara haraka kuliko alivyojifunza kwenye kitabu.

Lakini ina mambo mawili ambayo watu huyasahau. Moja ni mali ghafi. Ukimwambia kila mama alete sahani ya kitu chake, mwenye uwezo mdogo atanunua unga, samli, hiliki na mayai kwa bei ya duka la mtaani, na atakuwa katoa zaidi ya huo mchango aliokuwa akiukimbia. Kamati inunue kwa jumla, sie tulikuwa tunakwenda masoko ya Darajani na Mwanakwerekwe, gharama ikatwe kwanza, mama atoe mikono yake tu. La pili ni zito zaidi. Miongoni mwa wazazi wako wapo wanaoishi kwa oda hizo hizo. Skuli ikianza kuuza vileja kwa wateja wale wale, imewanyang'anya riziki ya Idi halafu Januari inawadai ada. Sie tuliwafanya wao ndio wapishi wakuu, wakalipwa ujira kwa kilo, na oda zao wenyewe tukawaachia. Faida yetu ilipungua, ndiyo, ila hakuna aliyetununia.

Bahati nasibu msijaribu. Kila mwaka huzuka mtu aliyeiona kwenye skuli za nje: uza tiketi, chomoa namba, toa friji. Mzazi mmoja tu akisimama aseme hiyo ni kamari, kikao kimekwisha, na kwa kweli ana hoja. Mnada hauna tabu hiyo. Siku ya kina mama peke yao, ukumbini, bila wanaume na bila simu za kupiga picha wasichana, tunanadi keki, sahani ya halua ya Wete, doti za kanga. Mama mmoja akishindana na wifi yake juu ya keki, keki inafika bei ambayo huwezi kuamini, na vicheko juu. Ikiwa mnapenda, ifanyeni mwezi wa Mfunguo Sita baada ya maulidi ya skuli, watu wameshakusanyika.

Kuhusu mgeni rasmi nitasema kidogo, nisije nikakasirika. Wanaume wetu wa kamati hupenda shamiana, viti vya kukodi, spika kubwa na mheshimiwa wa kukata utepe. Mheshimiwa anaahidi milioni kadhaa, picha zinapigwa, halafu mweka hazina anazungushwa ofisini mwaka mzima. Mkimwalika, msiandike ahadi yake kwenye hesabu mpaka iingie benki, na gharama ya kumkaribisha isizidi maji, kahawa na kashata.

Zaka nayo inachanganya watu. Mafungu yake ni manane, yametajwa katika Suratu Tawba aya ya 60, na wanachuoni wengi hawaruhusu itumike kujenga majengo. Ni ya kumilikishwa anayestahiki. Kwa hiyo tulikuwa na madaftari mawili. Mtu akileta zaka inakwenda kulipia ada ya msichana ambaye familia yake ni maskini au kafiwa na mlezi. Sadaka na michango ndiyo ya ukuta na meza. Matajiri wanaotoa zaka wanapenda sana kuona mstari huo umechorwa, na wengi wao baada ya kuuona hutoa na sadaka. Akitokea mwenye duka au chumba anayetaka kodi yake isomeshe wasichana daima, hiyo ni wakfu, mpelekeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana mambo yaandikwe vizuri, wasije watoto wake wakagombana nanyi baadaye.

Wasichana waliomaliza msiwasahau. Wengine wameolewa Maskati, wengine wako Dubai na Uingereza. Hao wakitumiwa sauti ya mwalimu wao wa zamani akiwasalimia kwa majina hulainika kuliko kwa barua yoyote.

Kwa upande wa wakati, nyinyi Pemba mna karafuu. Mkulima asiye na taslimu mwezi wa tano anaweza kutoa pishi kadhaa msimu ukifika. Mteueni mtu mmoja mwaminifu, azipokee, azikaushe, azipeleke kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na alete stakabadhi. Ila mwaka wa mavuno makubwa haufuatani na mwingine, kwa hiyo msiingie mkataba na fundi kwa kutegemea mikarafuu peke yake.

Hujasema fundi kakadiria kiasi gani. Ukipata karatasi yake iweke hapa tuipitie, hasa meza: za zege zenye vigae ni rahisi na haziliwi na asidi kama mbao, na sie fundi wetu alikuwa ameshatuandikia mbao za mninga.