Laptopu inayogeuka tableti: angalia bawaba na prosesa

Mdogo wangu, umeuliza kama HP EliteBook x360 1030 G2 iliyotumika itakufaa chuoni kwa kuandika na kusomea. Mimi ningetafuta G3, toleo lililofuata. Prosesa (chipu kuu ya kompyuta) ya G2 ni Intel ya kizazi cha 7, na Windows 11 kwa kawaida inataka kuanzia cha 8. Kwa hiyo G2 ingebaki na Windows 10, ambayo huduma yake ya kawaida iliisha Oktoba 2025.

Dukani, ikunje hadi nyuma mara kadhaa: bawaba zisilegee, kibodi izime yenyewe. Kisha pitisha kalamu yake ya kuandikia kwenye skrini polepole kioo kizima, uone kama mstari unakatika popote. Hapo usiwe na haraka, maana kubadilisha kioo cha kugusa ni ghali.

Ina zaidi ya kilo moja, kwa hiyo kusoma ukiwa umeishika mkononi kutakuchosha. Kalamu nayo uliza kama imo kwenye bei.