Ile mishale inayoning'inia juu ya barabara Hokkaido ni ya nini?

Haielekezi mji wowote, ndugu. Ile mishale ya mistari myekundu na myeupe huko kaskazini mwa Japani inaonyesha ukingo wa barabara: ncha inapoelekea chini, hapo ndipo mwisho wako, ukipita unaingia mtaroni. Theluji ikijaa, mistari ya lami yote hufunikwa, na upepo ukiirusha huoni hata boneti ya gari lako. Dereva wa mtambo wa kuondoa theluji naye huitegemea. Mingine ina taa za kuwaka usiku. Norwei wao huchomeka fito kando ya barabara kabla baridi haijaanza. Ni rahisi zaidi, ila fito hugongwa zikavunjika.