Jibu: Kwa nini 127 + 1 inanipa -128?

Ndugu, kompyuta yako ni nzima. Umejumlisha 127 na 1 ndani ya baiti moja yenye alama (yaani inayobeba namba chanya na hasi), na jibu -128 ndilo linalotakiwa kutoka.

Baiti ina biti 8, yaani nafasi 8 za 0 au 1. Ile ya kushoto kabisa ina uzito wa -128, yaani ikiwa 1 inahesabiwa -128. Zinazofuata ni 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1. Sasa 127 ni 01111111. Ongeza 1, unabeba, unabeba tena, hadi inakuwa 10000000. Soma uzito wake: -128. Basi.

Kupata hasi ya namba, geuza biti zote halafu ongeza 1. Mfano 5: 00000101, ikigeuzwa 11111010, ukiongeza 1 ni 11111011. Hakiki: -128+64+32+16+8+2+1 = -5.

Mimi zamani niliona hii ni kujitesa bure, si biti moja ya kuonyesha tu + au - ingetosha? Ingetosha, ila ungekuwa na sifuri mbili, +0 na -0! Hapa 5 na -5 zikijumlishwa zinatoa sifuri nane, ile 1 ya tisa inadondoka.

Kama unahitaji 128, tumia biti 16. Hizo zinafika 32767.