Maswali ya Wasomaji: Kuchora kwa Rangi Bila Mwalimu

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka kwa wasomaji waliojifundisha wenyewe kuchora kwa rangi. Tumechagua sita.

SWALI: Nina tyubu 24 za akriliki (rangi zinazozimuliwa kwa maji), na bado kila ninachochanganya hugeuka tope. Nimebadilisha aina ya rangi, hali ni ile ile. Kosa liko wapi?

JIBU: Kosa liko kwenye hizo 24. Geuza kila tyubu usome maandishi madogo ya nyuma. Rangi zilizotengenezwa kwa ajili ya wachoraji huwa na alama kama PB29 au PY3, yaani jina la kiini kilichomo, ule unga unaoipa rangi yake. Tyubu yenye alama tatu ni mchanganyiko tayari. Ukichanganya mbili za namna hiyo umeshaweka viini sita kwenye ubao, na viini vingi vikikutana, kila kimoja humeza sehemu ya mwanga wa mwenzake. Kinachobaki ndilo tope unalolilalamikia.

Weka pembeni zote, ubaki na sita zenye kiini kimoja kimoja: njano ya limau (PY3), majenta (PR122), buluu ya ultramarini (PB29), buluu inayoelekea kijani (PB15), kahawia ya udongo (PBr7) na nyeupe ya titani (PW6). Buluu mbili si anasa. PB29 ina wekundu kidogo ndani yake, kwa hiyo pamoja na majenta hutoa zambarau safi, lakini pamoja na njano hutoa kijani kilichopoa. PB15 ni kinyume chake. Wengi huilaumu njano bure, kumbe buluu ndiyo iliyokosewa.

Kisha chora jedwali. Ukiacha nyeupe, rangi tano zinatoa jozi 10. Kila jozi ipe miraba mitano ya sentimita 2, kutoka rangi ya kwanza hadi ya pili. Ni miraba 50, kazi ya jioni mbili, nayo itakufaa kuliko tyubu nyingine kumi. Unapochanganya, anza na rangi hafifu, uongeze ile kali kwa ncha ya kisu. PB15 ina nguvu mno. Tone lake moja humeza kijiko cha njano.

Mambo mengine matatu huleta tope hata rangi zikiwa sahihi. La kwanza ni maji machafu: tumia makopo mawili, moja la kuoshea na jingine la kusuuzia. La pili ni kurudia brashi mahali pale pale wakati rangi inaanza kukauka. Weka mipigo miwili au mitatu, uache. La tatu ni kutumia nyeusi kuleta kivuli. Njano ikitiwa nyeusi huwa kijani chafu. Kwa kivuli kizito changanya PB29 na PBr7. Utapata giza linalokaribia nyeusi, nawe unaweza kulielekeza kwenye ubaridi (buluu zaidi) au joto (kahawia zaidi) upendavyo.

SWALI: Mistari yangu iko sawa, vipimo viko sawa, lakini picha inaonekana bapa kama kibandiko.

JIBU: Umeangalia rangi ukasahau mwanga. Piga picha kazi yako kwa simu, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kama kila kitu kimekuwa kijivu kimoja, umepata jibu. Kabla ya picha ijayo chora vijipicha vinne vya sentimita 6 kwa 8 kwa penseli, kila kimoja kwa viwango vitatu tu: nyeupe, kijivu, nyeusi. Kunja macho ukitazama kitu chenyewe ili vijambo vidogo vipotee. Kijipicha kisichosomeka ukiwa umesimama hatua tatu nyuma hakitasomeka kikikuzwa.

SWALI: Nilichora kwa rangi za mafuta, baada ya miezi mitatu picha ikapasuka. Nilitanguliza nyeusi nzito, nikamalizia juu kwa rangi niliyoizimua kwa tapentaini.

JIBU: Ulipanga matabaka kichwa chini. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Mafuta yake hunyonya oksijeni ya hewani na kugeuka utando mgumu, kazi inayochukua siku hadi miezi. Tabaka lenye mafuta mengi huendelea kusogea chini wakati lile jembamba la juu limeshakakamaa, kwa hiyo la juu hupasuka. Nyeusi ya mifupa, kwa bahati mbaya, ni miongoni mwa zinazochelewa sana kukauka, na wewe umeiweka chini kabisa.

Tabaka la kwanza lizimue kwa tapentaini. La pili tumia rangi kama ilivyotoka kwenye tyubu. La tatu ongeza mafuta ya kitani, yasizidi sehemu moja kwa tano za rangi. Kwa msingi wa giza tumia kahawia ya udongo, ambayo hukauka upesi. Unaweza pia kuanza na akriliki na kumalizia na mafuta. Ila akriliki juu ya mafuta haishiki, itabanduka. Picha iliyopasuka usiifunike kwa rangi mpya, nyufa zitarudi.

Na hili si la picha bali la nyumba yako: vitambaa vyenye mafuta ya kitani visirundikwe. Vinapokauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Vitandaze hadi vikauke, au vitie kwenye kopo la chuma lenye maji na kifuniko.

SWALI: Nilianza kuchora baada ya msiba. Ninachohisi ni kizito, lakini kwenye turubai kinatoka machozi, moyo uliopasuka, mshumaa. Naona kama si mimi.

JIBU: Pole sana. Umeona sawasawa: hizo ni alama ambazo kila mtu amekwisha kuzitumia, kwa hiyo zinasema "huzuni" bila kusema huzuni ya nani. Hisia kwenye picha hubebwa na maamuzi madogo: kitu kimewekwa wapi, nafasi tupu ni kubwa kiasi gani, ukingo ni mkali au umeyeyuka, brashi imepita taratibu au kwa hasira.

Mwaka 1888 mchoraji Vincent van Gogh alichora viti viwili, chake na cha rafiki yake Paul Gauguin. Hakuna mtu katika picha hizo. Chake ni cha njano, cha mbao tupu, kwenye mwanga wa mchana, juu yake pana kiko na kifuko cha tumbaku. Cha rafiki kina mikono ya kuegemea, kimezungukwa na kijani na wekundu wa usiku. Mshumaa upo kwenye kiti cha pili, naam, lakini upo kama taa juu ya kiti, haukuwekwa pale ulie.

Chagua kitu kimoja cha kawaida kinachohusiana na unachokibeba: kikombe, viatu, dirisha. Kichore mara sita kwenye karatasi za ukubwa mmoja, dakika 20 kila moja, na kila mara badilisha jambo moja tu. Mara kisukume pembeni kabisa. Mara kipe rangi mbili tu. Mara tumia brashi ya sentimita 5 isiyokubali vijambo vidogo. Mara kichore bila kukitazama. Zipange ukutani, uziache siku tatu. Moja itakuvuta zaidi. Andika nyuma yake ulibadilisha nini, na picha kubwa ianzie hapo. Picha ambazo hutaki mtu azione usionyeshe. Hazina deni kwa yeyote.

SWALI: Nina miaka 41, sijasoma sanaa popote. Nimechelewa?

JIBU: Van Gogh aliamua kuwa msanii mwaka 1880 akiwa na miaka 27, akafa mwaka 1890. Henri Rousseau alikuwa mtoza ushuru mjini Paris, akashika brashi kwa dhati akikaribia miaka 40. Lakini tazama walivyofanya: Van Gogh alinakili michoro ya mazoezi ya Charles Bargue, na Rousseau alinakili kazi za makumbusho. Basi nakili nawe, picha moja kwa mwezi, kwa kujifunzia tu. Usiweke sahihi yako juu ya nakala kana kwamba wazo ni lako.

SWALI: Sahihi iwekwe kabla au baada ya vanishi, ule utando angavu wa kulinda picha?

JIBU: Kabla, kwa aina ile ile ya rangi uliyochorea picha. Akriliki nyembamba isubiri angalau siku tatu kabla ya vanishi. Mafuta miezi sita hadi mwaka, kutegemea unene. Paka matabaka mawili membamba, la pili likikatisha la kwanza, picha ikiwa imelazwa.