Majani matatu ya kunde: siku ya Waayalandi na watoto wa chekechea

Tarehe 17 Machi Waayalandi huadhimisha siku ya Mtakatifu Patrick, na vitabu vingi vya masomo ya nyumbani kutoka ng'ambo huitengea wiki nzima ya shughuli za watoto wadogo. Wazazi wa Mombasa wametuuliza namna ya kuifanya kwa vitu vya sokoni kwetu na katika joto letu hili la Machi.

Sisi ni Waislamu na tunawafundisha wanetu wa miaka minne na mitano nyumbani. Je, tuiruke wiki hii? – Mama, Mji wa Kale

Hakuna haja ya kuiruka, dadangu. Kanisani siku hii ni kumbukumbu ya Patrick, mmishenari wa karne ya 5 aliyetekwa Uingereza akiwa kijana wa miaka 16 hivi, akapelekwa Ayalandi utumwani kuchunga mifugo, akatoroka, kisha akarudi kuhubiri. Barabarani ni sikukuu ya taifa: ni mapumziko ya umma tangu 1903, watu huvaa kijani na bendi hupita mijini. Kwa mtoto wa chekechea huu upande wa pili unatosha kabisa, mufundishe kama mnavyofundisha nchi nyingine yoyote.

Anzeni na ramani. Ayalandi ni kisiwa, na mtoto wa Mji wa Kale anajua kisiwa ni nini kwa sababu hawezi kwenda Nyali bila daraja, na Likoni watu huvuka kwa feri. Kisha apake bendera: kijani upande wa mlingoti, nyeupe katikati, rangi ya chungwa mwisho. Mwambieni pia kwamba Ayalandi haina nyoka wa asili. Barafu ya kale ilipoyeyuka, bahari ilikifunga kisiwa kabla nyoka hawajafika. Watoto huishika sana habari hii.

Mwaka ambao tarehe hiyo inaangukia Ramadhani, kama 2026, shughuli za chakula zisogezeni alasiri ili mkate uwe tayari kwa futari.

Kitabu kinataka majani ya "shamrock". Hapa hatuyapati. Nikate karatasi tu? – Mlezi, Likoni

Usikate karatasi kabla hujajaribu kunde. Shamrock ni klova changa, mmea wa jamii ya mikunde, na jani lake limegawanyika vipande vitatu. Jani la kunde limegawanyika vivyo hivyo, nalo mtoto analigusa, analinusa na kulihesabu. Tofauti ni kwamba vipande vya klova ni vya mviringo na vya kunde vimechongoka. Muwekee mtoto picha ya klova kando ya jani halisi, umuulize kipi kinafanana na kipi hakifanani. Hapo umepata somo la hesabu na la mazingira kwa pamoja.

Panda mapema, karibu tarehe 20 Februari. Chukua kunde kavu za kula, si mbegu za duka la kilimo, kwani hizo mara nyingi zimepakwa dawa yenye rangi na mtoto atazishika kisha atie kidole mdomoni. Loweka kumi usiku kucha. Toboa matundu matatu chini ya kikopo cha mtindi, jaza udongo, mtoto asukume kila mbegu chini kwa kidole hadi kwenye pingili ya kwanza. Mbegu mbili kwa kikopo zinatosha. Katika joto la Pwani zitachomoza ndani ya siku tatu hadi tano.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi huvunjika moyo. Majani mawili ya kwanza ya kunde hayana vipande vitatu. Hutoka yakitazamana, kila moja jani zima, na mtoto aliyeahidiwa matatu atakuja kukulalamikia. Yale ya vipande vitatu ndiyo yanayofuata, kwa hiyo mwambie tangu siku ya kwanza kwamba mawili yatatangulia. Zisipoota kabisa, mara nyingi zimeoza kwa maji mengi: udongo uwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, basi.

Umechelewa? Nunua fungu la majani ya kunde soko la Kongowea, ila chagua lenye vikonyo, kwa sababu wauzaji wengine huchambua majani na vipande hutengana. Ukifika nyumbani yatie kwenye maji. Kuchapa jani kwa krayoni, weka mishipa ikitazama juu, karatasi nyembamba juu yake, krayoni ilale ubavu. Watu wengi huliweka upande laini juu na hawapati kitu.

Kwa muhuri wa rangi, pilipili hoho iliyokatwa kukingama katikati ni bora kuliko kiazi. Tazama kitako chake unaponunua: yenye vifundo vitatu huchapa shamrock, na yenye vinne huchapa klova ya majani manne, ile wanayosema ina bahati. Toa mbegu, kausha ndani kwa kitambaa, na rangi uipake kwenye sponji ili mtoto agonge hoho hapo. Akiichovya kwenye bakuli, rangi hujaa ndani na umbo hupotea.

Tulijaribu kutengeneza upinde wa mvua kwa mpira wa maji saa sita mchana. Hatukuona kitu. – Baba, Kizingo

Kosa ni saa, wala si mpira. Upinde huonekana ukilipa jua mgongo, na jua liwe chini ya nyuzi 42 kutoka upeo wa macho. Likipanda zaidi ya hapo, upinde huzama chini ya upeo na unaelekea miguuni pako. Katikati ya Machi jua la Mombasa saa sita liko karibu utosini kabisa, kwa hiyo mchana ni vigumu kuuona hata uzibe nusu ya mdomo wa mpira kwa kidole.

Fanyeni kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Mtoto mdogo haelewi "lipe jua mgongo", ila anaelewa "tazama kivuli chako". Akishakitazama, wewe puliza maji mbele yake kwa chupa ya kupulizia yenye matone madogo kama ukungu, nyuma kukiwa na kitu cheusi au ukuta wenye kivuli. Matone makubwa huanguka upesi mno. Muulize rangi ipi iko nje kabisa: ni nyekundu, na zambarau iko ndani.

Mapambo yetu ya unga uliokandwa na chumvi hayakauki, yanatoa jasho. – Mama, Nyali

Chumvi huanza kuvuta maji hewani unyevu unapopita asilimia 75 hivi, na asubuhi za Pwani hupita hapo mara nyingi. Maelekezo ya vitabu vya nchi zenye hewa kavu hayakufaulu kwako kwa sababu hiyo. Hata ukiyaoka mapambo hayo, yatalainika tena baada ya siku chache.

Tumia udongo huu badala yake: kikombe kimoja cha bikaboneti (baking soda), nusu kikombe cha unga laini wa wanga wa mahindi, robo tatu kikombe cha maji. Koroga kwenye moto mdogo mpaka ushikane kama viazi vya kuponda, uepue, funika kwa kitambaa kibichi upoe, kisha mtoto aukande. Umbo lisizidi unene wa nusu sentimita, na ligeuzwe kila baada ya saa chache. Rangi ipakwe likishakauka.

Sina oveni. Mkate wa soda wa Kiayalandi nitauokaje? – Bibi, Changamwe

Moto juu na chini, bibi, kama mkate wa sinia. Na mkate huu umeumbiwa watoto, kwa sababu hauna hamira wala kusubiri uumuke.

Gramu 225 za unga wa ngano wa kawaida (kikombe kimoja na robo tatu), nusu kijiko cha chai cha bikaboneti, nusu kijiko cha chai cha chumvi, mililita 180 za maziwa lala. Unga usiwe ule uliokwisha kutiwa cha kuumulia, na bikaboneti isiwe magadi ya kupikia maharagwe. Chekecha vikavu, mtoto afanye shimo katikati, mimina maziwa yote, achanganye kwa vidole vilivyotanuliwa. Maziwa lala yakiwa mazito sana yaongeze kijiko cha maziwa mabichi.

Asikande. Asidi ya maziwa ikigusa bikaboneti, gesi huanza kutoka papo hapo, na kila dakika ya kuchezea donge ni gesi iliyopotea. Isitoshe unga hukakamaa. Lifanye duara la kimo cha sentimita nne, kata msalaba wenye kina kwa kisu ili katikati paive. Sufuria nzito iliyopashwa na kunyunyizwa unga, mfuniko bapa wa bati, makaa machache chini na mengi juu, dakika 30 hadi 35. Ukigonga chini sauti iwe ya uwazi. Ukiungua chini na kubaki mbichi katikati, makaa ya chini yalizidi. Ukiwa na ladha ya sabuni, bikaboneti ilizidi.

Dhahabu ya leprechaun tufanye na nini? Nyumbani kuna mdogo wa miaka miwili. – Mama, Bamburi

Leprechaun katika ngano zao ni kijitu fundi viatu anayeficha chungu cha dhahabu mwisho wa upinde. Sarafu za chokoleti zitayeyuka kabla ya adhuhuri, na zilizo ndogo, pamoja na kunde mbichi, humkaba mtoto wa umri huo au huingia puani. Kateni maboksi maduara ya upana wa sentimita sita, myapake manjano, yafichwe kumi tu; mkubwa atafute akihesabu, mdogo apewe kazi ya kuyatia chunguni.