Jibu: Kipindupindu cha Hamburg 1892, kwa nini Altona ilinusurika?

Habari ndugu. Umekwama hapa: miji miwili ya Ujerumani imegusana, watu wanavuka kila siku bila kizuizi, mbona Hamburg ilipoteza watu kama 8,600 na Altona ikapoteza wachache tu?

Weka karantini pembeni, anza na maji. Nimefundisha mada hii, na wanafunzi hukwama palepale kwa kuwa wanatafuta jibu kwa askari na meli. Miji yote ilikunywa maji ya mto Elbe. Ajabu ni kwamba Altona ilichota mahali mto ulipokwisha kuipita Hamburg, baada ya vinyesi vya mji mzima kumwagwa humo, ila tangu 1859 iliyachuja taratibu kwenye mchanga. Hamburg iliyaacha yatuame tu, na bahari ilipojaa, uchafu ulirudi juu mtoni hadi yalikochotwa.

Sasa chukua ramani, tafuta mtaa wa Schulterblatt, uliopitiwa na mpaka wa miji hiyo. Upande wa Hamburg palikuwa na nyumba za wapangaji, Hamburger Hof, zilizopata maji ya Altona. Watu zaidi ya 300, hakuna aliyeugua. Majirani wa bomba la Hamburg walizika watu wao. Insha yako ianzie hapo.

Karantini itaje kwa kifupi. Wakubwa wa Hamburg walichelewa kutangaza ugonjwa wakihofia biashara ya bandari. Robert Koch, mtaalamu wa bakteria, alipofika Agosti 24 ugonjwa ulishasambaa. Hilo linaniuma sana, maana watu wangeambiwa mapema wachemshe maji. Vichujio vya Hamburg vilikuwa tayari vinajengwa. Vilianza kazi Mei 1893.