Unafungua kozi ya usimamizi wa michezo? Anza na walimu

Kama wewe ni mkuu wa idara huku Kanda ya Ziwa na umeambiwa uandae shahada ya usimamizi wa michezo, usikubali tarehe ya udahili kabla hujajua nani ataingia darasani. Wanafunzi watakuja tu. Pamba Jiji wamerudi Ligi Kuu mwaka 2024, AFCON 2027 inakuja nchini, na vijana wa Mwanza wameanza kuona kuna ajira nje ya kucheza. Walimu je?

Wamarekani yaliwakuta. Chuo Kikuu cha Ohio kilianza kutoa shahada ya uzamili ya fani hii mwaka 1966. Vyuo vingine vikafuata kwa kasi kuliko wahitimu wa uzamivu walivyopatikana.

Mimi ni mhasibu, nimefundisha kwa mkataba wa muda katika chuo kimoja hapa jijini. Nilipewa fedha za michezo, nikaongezewa masoko, halafu wakataka nibebe na sheria za michezo. Hapo nilikataa, nikashauri waazime mtu kitivo cha sheria. Alipatikana muhula huohuo! Kwa hiyo tembelea kwanza vitivo jirani. (Malipo ya walimu wa muda tuyaache, tutaharibu siku.)

Watu wa klabu nao watumie. Nilimwalika mhasibu wa timu moja, akaja na karatasi ya mapato ya mlangoni ya mechi iliyochezwa Kirumba: kodi, uwanja, waamuzi, chama cha soka, na klabu huko chini kabisa. Akauliza, "Mvua ikinyesha mashabiki wasije, nani anaumia?" Darasa likabishana mpaka tukala kipindi cha mwenzangu. Ila mtu kama huyo, akiwa hana uzamili, usimkabidhi somo zima. Mpe mada zake, mitihani na alama zibaki kwa mhadhiri.

Zaidi ya yote, somesha wa kwako. Matangazo mengi ya vyuo vya umma hutaka GPA ya 3.8 kwa anayeanza kufundisha, kwa hiyo wavizie wanafunzi wazuri tangu mwaka wa pili, na mkataba wa kurudi kufundisha usainiwe kabla hawajaondoka kwenda masomoni. Uzamili na uzamivu kwa pamoja mara nyingi huchukua miaka mitano au zaidi.

Uongozi uking'ang'ania kuanza Oktoba, omba darasa dogo. Omba kwa barua, ubaki na nakala.